Mama Alinichagulia Ugonjwa

Aliyekosa sehemu iliyopita asihangaike, habari yenyewe ni fupi. Nina kifafa. Ninacho tangu utotoni. Nameza vidonge asubuhi na jioni, na nikivimeza sawasawa napitisha miezi bila kuanguka. Nje ya nyumba yetu, ukiondoa daktari na rafiki mmoja, hakuna aliyejua.

Nasoma umeme katika chuo cha ufundi kilicho mbali na kwetu. Mwaka wa kwanza tulishika nyaya tukiwa tumekaa mezani, nikasema Mungu mkubwa. Mwaka wa pili wanafunzi hupanda nguzo. Mtu mwenye kifafa juu ya nguzo ya umeme, hapo sihitaji kufafanua.

Wiki jana niliishia pale nilipoanguka bwenini kabla ya chai. Nilizinduka nina ladha ya damu mdomoni. Rafiki yangu tunayemwita Spana alikuwa amesukuma kitanda mlangoni ili wengine wasiingie, na koti lake lilikuwa chini ya kichwa changu.

"Umemaliza?" aliniuliza.

"Nimemaliza."

"Basi hama chuo hiki kabla hujanimaliza mimi."

Ndipo nikaanza kutafuta uhamisho, na ndipo balaa lilipoanza.

Kuhama kunaruhusiwa. Karibu na nyumbani kuna chuo kingine cha ufundi wanakofundisha kutengeneza redio na televisheni. Kazi ya kukaa kwenye kiti, hakuna nguzo, na hospitali iko ng'ambo ya barabara. Kanuni inasema mwanafunzi anaweza kuhamishwa kwa sababu za kiafya, alete tu barua ya daktari inayotaja ugonjwa.

Inayotaja ugonjwa. Hapo ndipo Mama alipopatia homa.

Mama ni fundi cherehani. Nilisubiri awe na pini mdomoni ndipo nimwambie, maana mtu mwenye pini mdomoni hawezi kukukatiza. Nilimweleza yote, bweni, damu, kitanda mlangoni. Alitoa pini moja moja akazichomeka kwenye kitambaa. Alipomaliza alikuwa ameshaamua.

"Kuhama utahama," alisema. "Lakini neno hilo halitaandikwa."

"Mama, ndilo ninaloumwa."

"Likiandikwa litasomwa na nani?"

Tulijua wote litasomwa na nani.

Siku Dada yangu aliponipeleka chuoni, dereva wa lori la chuo ndiye aliyetushushia sanduku. Tangu siku hiyo dereva akawa na safari nyingi za kupita mtaani kwetu. Mara tairi, mara betri, mara anauliza njia anayoijua. Mwisho akasema wazi kwamba anataka kuoa. Dereva huyo amelelewa na shangazi yake, na shangazi yake ni muuguzi wa zahanati ya chuo. Sisi wanafunzi tunamwita Sista. Hakuna karatasi ya mgonjwa chuoni isiyopita mikononi mwake.

"Sista akisoma kifafa, kijana naye amesoma," alisema Mama. "Na posa ndiyo hiyo inakuja."

"Dada hana kifafa. Ninacho mimi."

"Mwanangu, watu hawaoi mtu. Wanaoa ukoo." Akavuta kiti karibu. "Tutafute ugonjwa mwingine."

Alisema hivyo kama anavyomwambia mteja watafute kitambaa kingine. Akaanza kuyapitia maradhi.

"Kifua? Hapana, watatukimbia. Moyo? Utaonekana mtu wa kufa leo au kesho, harusi itageuka matanga. Sukari? Watasema ni ya ukoo." Akafikiri. Uso ukamfunguka. "Vidonda vya tumbo!"

"Vidonda vya tumbo, Mama?"

"Huo ni ugonjwa wa heshima. Wakubwa wote maofisini wanavyo. Ukiwa na vidonda vya tumbo watu wanadhani unafikiri sana."

Kuna daktari mmoja ambaye Mama humshonea makoti. Aliniandikia barua bila kunigusa tumbo. Aliniangalia tu kwa huruma na kuniambia, "Vile vidonge vyako vya siku zote usikose hata siku moja. Ukiviacha ghafla ndiyo hatari zaidi."

Tukarudi nyumbani. Mama akavimimina vidonge vyangu vyote kwenye chupa ya zamani ya vitamini iliyokuwa kabatini, akaifunga kwa nguvu. "Hata mtu akiiona," alisema, "ataona vitamini."

Mama yangu ni mwerevu sana. Nataka mlikumbuke hilo tunapoendelea.

Kamati ya uhamisho ilikaa ofisini kwa mkuu wa chuo. Feni ya mezani iligeuza shingo huku na huku, ikimpuliza kila mjumbe kwa zamu. Walikuwa watatu. Mkuu mwenyewe katikati. Kulia mkufunzi wetu wa umeme, tunayemwita Volti kwa sababu humgusi mara mbili. Kushoto Sista, sare nyeupe imepigwa pasi, na ananitabasamia kabla hata sijakaa.

Mkuu alisoma barua. "Vidonda vya tumbo. Pole sana, kijana."

"Asante, mkuu."

"Ni kweli tumbo la namna hii linataka chakula cha nyumbani. Mimi sioni tatizo. Mkufunzi?"

"Aende," alisema Volti. "Mwanafunzi mwenye tumbo ni maswali tu mpaka jioni."

Moyoni nilishaanza kufunga sanduku. Nilishamuaga Spana, nimeshapanda basi, niko dirishani.

Sista akanyoosha mkono.

"Mkuu, tukimhamisha tutakuwa tumemsaidia kweli? Nyumbani mama hawezi kumnyima mtoto. Atampa pilipili, atampa ndimu, atampa kila anachokililia. Mwacheni hapa. Mimi nitamlea mwenyewe. Uji wake nitausimamia kwa mkono wangu."

Kisha akanikonyeza. Ulikuwa ukonyezo wa mtu wa familia, wa kusema usijali, tuko pamoja.

Mkuu alifurahi. Uhamisho ni kazi ya kuandika na kupiga simu, na hapa mtu amejitolea kumwondolea kazi. "Sista, una roho nzuri. Basi ombi limekataliwa. Kijana, shukuru."

Nikashukuru. Ningefanyaje? Nilisema asante mara mbili, moja kwa mkuu na moja kwa Sista, nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Wakaanza kuninywesha uji.

Asubuhi uji, mchana uji, jioni uji, usio na sukari wala chumvi. Wenzangu wakila maharage yanayonukia kitunguu, mimi nimeinamia bakuli. Haikuchukua muda jina langu likafa. Nikawa Uji. "Uji, nipitishie maji." "Uji, umeona kalamu yangu?" Hata mpishi aliniita hivyo, tena kwa upendo.

Sista alikuja bwaloni akakaa mbele yangu, viwiko mezani, akinitazama mpaka nikombe.

"Kunywa, mkwe. Bado kidogo hapo pembeni."

"Nimeshiba, Sista."

"Anayeshiba ni mzima. Wewe kunywa."

Aliniambia habari za kitambaa alichonunua kwa ajili ya siku ya posa. Aliniambia mwanawe, maana dereva yule kwake ni mwana, siku hizi anaimba akiosha lori. Aliniuliza Dada anapenda rangi gani. Sikuweza hata kumchukia, na hilo ndilo lililonichosha. Adui unamwekea mlango. Anayekupenda hivi utamfungia wapi?

Siku moja alikuja bwenini kukagua kabati langu. Alikuwa amesikia kwamba nafuga biskuti. Biskuti hakuzipata, alikwishazila Spana. Alipata chupa.

"Hizi nini?"

"Vitamini, Sista."

Aliigeuza kwenye mwanga, akasogeza miwani. "Vitamini hizi zimekwisha muda wake tangu hujaanza chuo! Unataka kulitoboa hilo tumbo?"

"Sista, ziko sawa. Nimezizoea."

"Watu wanazoea hata sumu."

Akaitia chupa mfukoni mwa sare. Nilinyoosha mkono, nikaurudisha. Niseme nini? Niseme nirudishie, ndizo zinazonizuia nisianguke? Jioni ile aliniletea chupa nyingine, mpya kabisa, ya vitamini za kweli, na kijiko juu.

Spana aliiangalia ile chupa muda mrefu. "Kwa hiyo sasa," alisema, "utakuwa unaanguka ukiwa na nguvu."

Nilicheka. Kisha nilitaka kulia.

Mtasema si ungekwenda ukachukue vidonge vingine. Vidonge vile hapewi mtu mwingine. Mgonjwa aende mwenyewe kwenye dirisha la hospitali aliyoandikishwa, na yangu iko nyumbani. Kwenda nyumbani kunataka ruhusa. Ruhusa ya ugonjwa hutolewa na nani? Nyinyi mmeshajua.

"Hospitali kufanya nini na mimi nipo?" alisema Sista. "Na wiki hii ya posa usiende kumsumbua mama yako. Tulia."

Nikapiga simu nyumbani nikiwa nyuma ya tangi la maji.

"Mama, vidonge vimechukuliwa."

Nilisikia cherehani inakimbia, kisha inapunguza mwendo. "Na nani?"

"Na mkwe wako."

"Amejua?"

"Hajajua. Ameona vitamini, kama ulivyosema."

"Alhamdulillahi."

"Mama! Sina dawa!"

"Usipige kelele. Mwombe akurudishie. Mwambie unazipenda."

"Mama, nani anapenda vitamini?"

"Sasa unataka nifanye nini? Wazee wanakuja Jumapili hii. Viti nimeshaazima. Jumapili jioni, wakishaondoka, sema unachotaka, panda hata juu ya paa useme. Huwezi kujizuia mpaka Jumapili?"

Kujizuia. Mama aliyenilea na ugonjwa huu tangu sijui kutamka jina langu aliniuliza kama naweza kujizuia. Naye aliona alichokisema, maana nilimsikia akivuta pumzi.

Simu ikachukuliwa. Alikuwa Dada.

"Mdogo wangu."

"Dada."

"Waambie."

Niliegemea tangi la maji.

"Waambie tu. Nikiolewa na huyu, sawa. Nikiolewa na mwingine, sawa. Nisipoolewa pia si wa kwanza." Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeeleza kwamba basi limepita na atangoja lingine. Cherehani ilikuwa imesimama. "Umenisikia?"

"Nimekusikia."

Mnapaswa kumjua Dada. Nilipokuwa mdogo, watoto wote wa nyumbani kwetu walikimbia nikianguka, yeye alikuja. Alikaa chini na sare yake ya shule akaweka kichwa changu mapajani. Wenzake walianza kuolewa mmoja baada ya mwingine, yeye akawa mtu wa kualikwa. Mtaani wakaanza kumwita shangazi kabla hajawa mama. Safari hii amepata mtu anayeimba kwa ajili yake akiosha lori.

Angelia, ningesema. Angenigombeza, ningesema kwa hasira. Alinipa ruhusa, na ruhusa ile ikanifunga mdomo kuliko katazo la Mama.

Nikarudi bwenini nikamwambia Spana nitavumilia mpaka Jumapili.

"Na Ijumaa?" aliuliza.

"Ijumaa kuna nini?"

Akanionyesha ubao wa matangazo kwa kidevu. Mwandiko wa Volti ungeutambua hata gizani. Ijumaa, mwaka wa pili wote, nguzo. Asiyepanda amefeli na arudi kwao. Mwenye udhuru alete kibali cha Sista.

Nilikwenda zahanati mbio. Sista alikuwa anapanga bandeji kwenye kabati la kioo.

"Sista, naomba kibali nisipande nguzo. Tumbo."

Alicheka mpaka akashika kabati. "Mkwe, tumbo halipandi. Inapanda miguu."

"Nasikia kizunguzungu."

"Nitaagiza uongezewe uji." Kisha akanishika bega. "Sikiliza. Jumapili nitakaa sebuleni kwenu mbele ya wazee. Nataka niseme huyu ndugu wa bibi harusi ni fundi kamili, amepanda nguzo juzi, nimemwona kwa macho yangu. Usininyime neno hilo."

Nilitazama mfuko wa sare yake. Haukuwa umetuna. Chupa yangu ilikuwa mahali fulani ndani ya zahanati ile, labda hatua chache kutoka nilipokuwa, labda jalalani. Nikasema, "Haya, Sista," nikatoka.

Ijumaa asubuhi tulipelekwa kiwanjani nyuma ya karakana. Lori lilitangulia na kamba, kofia ngumu na mikanda ya usalama. Dereva, shemeji yangu mtarajiwa, alinifuata nilipokuwa najificha nyuma ya wenzangu akanipa glavu zake za ngozi.

"Shemeji, vaa hizi. Za chuo zinateleza."

"Asante, shemeji."

"Dada hajambo?"

"Hajambo. Anakusalimu."

Alifurahi mpaka akasahau kufunga mlango wa lori.

Wenzangu walipanda. Unavaa vyuma vya kupandia miguuni, unazungusha mkanda kwenye nguzo, unapanda hatua na mkanda hatua, unafika juu, unagonga kikombe cha kauri cha kushikia waya kwa bisibisi ili Volti asikie mlio, unashuka. Spana alipanda kwa fujo akashuka amechubuka kidevu. Kila aliyegonga alipigiwa makofi. Sista alikuwa amekaa kivulini na sanduku la huduma ya kwanza, kwa sababu kanuni inamtaka awepo.

"Uji!" aliita Volti.

Kiwanja kizima kikacheka. Nikasogea. Nikafungwa mkanda. Nikavaa vyuma. Nikainua macho.

Sijui kama mmewahi kusimama chini ya kitu na kujua kwa mwili wenu wote kwamba kitawaua. Tangu Jumatano sikuwa nikilala vizuri. Asubuhi ile kikombe cha maji kilikuwa kimeniponyoka mkononi bila sababu, na mimi najua maana ya kikombe kuponyoka. Nikamfikiria Dada. Nikasikia ile sauti ya kawaida ikisema waambie.

"Mkufunzi, siwezi kupanda."

"Kwa nini?"

"Nina kifafa."

Neno lile sikuwahi kulitamka mbele ya watu. Lilitoka kavu, dogo, na likatoka lote. Nikangoja dunia ipasuke.

Walicheka.

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Volti hakucheka, alikunja mikono.

"Juzijuzi ulikaa mbele yangu na barua ya daktari. Vidonda vya tumbo. Leo umeona nguzo, kifafa. Kesho utakuja na mimba?"

"Mkufunzi, barua ile haikuwa kweli."

"Kwa hiyo ulitudanganya kamati nzima."

"Ndiyo."

"Na sasa ndiyo unasema kweli."

"Ndiyo, mkufunzi."

"Panda."

"Ni kweli!" Spana alipiga kelele. "Mimi nimemwona akianguka!"

"Wewe Spana ungekula kiapo kwamba jua ni buluu ilimradi kipindi kiishe. Kaa chini."

Maisha yangu yote nimeficha neno lile. Usiku na mchana, shule na mtaani, tumelificha kama mali. Siku niliyolitoa, hakuna aliyelitaka.

Lakini wawili hawakucheka. Dereva alikuwa amesimama kando ya lori, kitambaa cha kufutia kioo kimeshuka mkononi. Na Sista alikuwa ameinuka kivulini.

Alikuja polepole. Akajifanya anaurekebisha mkanda wangu kiunoni, kama mama anavyomwekea mtoto shati sawa. Sauti yake ilikuwa chini sana.

"Zile vitamini."

"Ndiyo, Sista."

"Mama yako anajua?"

"Ndiye aliyezitia kwenye chupa."

Alifumba macho. "Tangu nizichukue hujameza kitu?"

"Nimemeza vitamini zako."

Yeye ni muuguzi. Hakuhitaji kuelezwa kinachompata mtu wa namna yangu akiachishwa dawa ghafla. Nikasema moyoni, nimeokoka. Posa imekufa, Dada anisamehe, lakini nimeokoka.

Akageuka. "Mkufunzi!"

"Naam, Sista."

"Kijana ni mzima. Namjua mimi. Ana woga tu."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akanirudia, karibu zaidi, machozi yamemjaa machoni na sauti ni ileile ya chini.

"Wazee wameshaalikwa. Watu wote wamesikia ulichosema, na kwa bahati wote wamecheka. Mwanangu asioe kicheko. Panda mpaka nusu. Ukifika nusu shika tumbo, nitapiga kelele mimi mwenyewe wakushushe. Nitasema ni vidonda. Hakuna atakayekumbuka hili."

"Sista, na nikianguka?"

"Mkanda upo."

"Sista."

"Basi isiwe nusu. Robo. Robo tu, mwanangu."

Alinipunguzia kama muuza nyanya jioni. Na mimi nilimtazama nikamwona Mama. Mama alikuwa mbali, amepanga viti vya kuazima sebuleni, na maneno yake yalikuwa yakitoka mdomoni mwa mwanamke mwingine.

"Uji, tunangoja mvua?" alisema Volti.

Nilikuwa na njia gani? Nikikataa, nimefukuzwa chuo kwa uongo, narudi nyumbani Jumamosi kuikuta sebule imepambwa. Nikipanda robo na kushuka, Jumapili itapita, Jumatatu nitapata vidonge vyangu. Robo tu. Nikachoma chuma cha kwanza kwenye nguzo.

"U-ji! U-ji! U-ji!" waliimba.

Hatua, mkanda. Hatua, mkanda. Glavu za shemeji zilishika vizuri. Nilipita urefu wa mtu. Nilipita kichwa cha lori. Nilipoona paa la karakana linaanza kuonekana upande wa juu, nikasema hii ni robo, hata zaidi ya robo. Nikaweka mkono tumboni.

Sista hakuchelewa. "Jamani, tumbo! Vidonda hivyo! Mshusheni!"

Nyimbo zikakatika. Volti akasonya kwa hasira. "Tumbo tena. Haya, shuka! Shuka, nimekusamehe!"

Aminini msiamini, niliona raha. Kwa mara ya kwanza tangu tulipoanza safari hii, uongo wa Mama ulifanya kazi. Nimesamehewa. Kibali nimepata, tena mbele ya wote. Kilichobaki ni kulegeza mkanda, kuushusha, na kuufuata.

Nikauambia mkono wa kushoto ulegeze mkanda.

Kidole gumba kikacheza. Kikacheza tena, peke yake, ndani ya glavu. Kisha vyote vikaanza. Niliviangalia kama vidole vya mtu mwingine. Kofia ikagonga nguzo, nikatambua ni kichwa changu kinachogeuka upande bila mimi kukigeuza.

"Shuka, kijana!" aliita Volti. "Unangoja nini?"

Nilimwona dereva ameachia kitambaa, anakimbia kuja kwenye nguzo. Nilimwona Spana naye amesimama, mikono kichwani. Nikataka kulipaza lile neno kwa mara ya pili, kwa nguvu zangu zote, wanisikie mpaka barabarani. Mdomo haukuwa wangu tena.

Chini kule, Sista alikuwa bado anawaeleza watu habari za tumbo langu.